Unga Uliotangulia

Kuna watu waliojaliwa kuchagua ng'ombe, na kuna waliojaliwa kuchagua wakwe. Munyiva alijaliwa kuchagua mtu wa kufuata kwenye foleni ya kinu.

Kinu chenyewe kiko Dagoretti Corner, nyuma ya duka la rangi, chumba kimoja cha mabati kilichojaa vumbi la unga tangu sakafuni hadi kwenye nyusi za mwenyewe, Njuguna. Watu huja na nafaka zao kwenye mifuko, wakapanga mstari, mashine ikanguruma, na kila mtu akaondoka na unga wake. Ila unga wake si wake wote. Kinu hakioshwi kati ya mteja na mteja, na kile kilichosalia tumboni mwa mashine humtokea anayefuata. Ukisaga wimbi nyuma ya mtu wa mahindi, sehemu ya kwanza itatoka imepauka, na utabaki ukimnung'unikia mtu aliyekwisha kwenda zake. Ndiyo maana wanawake wenye akili, na Munyiva alijihesabu wa kwanza kati yao, hawaingii mstarini ovyo. Huchungulia mifuko ya watu kwanza. Yeye alikuwa akimngoja mtu wa uji wa kuchanganya, ule unga wa kahawia wanaopikiwa watoto, kisha anajipenyeza nyuma yake. Hapo wimbi lake lilitoka na rangi yake kamili, na keki zake zikatoka na ile sura nyeusi-nyekundu aliyoipenda.

"Wee mama, umeacha watu watatu wakupite," Njuguna alizoea kumpigia kelele juu ya mlio wa mashine. "Kwani wewe hauna haraka na kitu yoyote?"

"Haraka ni ya mwenye kula vitu vichafu," Munyiva humjibu. "Mimi nataka unga safi."

Miaka minne alilisema hilo neno, na miaka minne lilimpendeza masikioni.

Umri wake ulikuwa hamsini na sita. Ujana wake wote aliupigia chapa katika ofisi ya mawakili huko mjini, barua za watu wanaogombania mashamba, mpaka mawakili wenyewe wakajifunza kuandika kwa kompyuta na yeye akapewa keki ya kuagwa na mkono wa kwaheri. Anasema keki yenyewe ilikuwa kavu. Aliishi na mumewe, Makau, katika nyumba ya kanso, ya halmashauri ya jiji, pale Woodley, zile nyumba za zamani za mawe zenye ua wa kutosha kuanika nguo na kupanda sukuma wiki mistari miwili. Watoto walikuwa wameshatoka. Kijana wao wa kwanza, Ndambuki, alikuwa Mombasa akifanya kazi za bandarini na kupiga simu Jumapili.

Hizo keki zilianza kwa sababu ya Makau. Siku daktari alipomwambia ana sukari, alirudi nyumbani akakaa kwenye kochi kama mtu aliyefiwa. Mzee huyu alikuwa hajawahi kupita mbele ya duka la mikate bila kusalimia. Munyiva akamhurumia, kisha akakasirika kwa niaba yake, na hasira ya Munyiva huwa inaishia jikoni. Alisema atamwokea kitu bila sukari ya kiwandani na bila unga mweupe, na kitu hicho kitakuwa keki, si adhabu.

Za kwanza ungeweza kujengea ukuta. Unga wa wimbi hauna ule mnato uliomo ndani ya ngano, ile gluteni inayoshika keki isisambaratike, kwa hiyo zilikuwa ama ngumu ama makombo. Makau alizila zote kwa adabu, akishushia na chai ya strungi, isiyo na maziwa. Taratibu Munyiva akajifunza. Aliongeza unga wa muhogo ili ushikilie. Aliloweka mbegu za chia mpaka zikawa na ute kama wa yai. Utamu aliutoa kwenye ndizi zilizoiva kupita kiasi, zile ambazo mama mboga anataka kuzitupa kwa sababu ganda limejaa madoa meusi, na kwenye tende zilizochemshwa kidogo na kupondwa. Aligundua pia kwamba wimbi lina kiu. Ukishakoroga lazima uuache ule mseto nusu saa unywe maji yake, usiukimbize kwenye oveni. Majirani wenye pupa walimwomba siri, akawaambia siri ni kukaa chini, wakadhani anawanyima.

Tunda nalo lina sukari yake, na daktari alishasema hivyo, basi Makau aliruhusiwa keki moja kwa siku. Hiyo moja aliila kwa dakika arobaini.

Sasa vile vikaratasi vya kuokea keki Munyiva alivinunua Ngara, katika duka la jumla la Ramesh na mkewe Anjali, linalouza trei, mizani na kila kidude cha waokaji. Wao walikaa orofa ya tatu, juu ya duka lao. Siku moja Anjali alimsikia Munyiva akimweleza mteja mwingine kuwa keki zake hazina ngano. Akaacha kalamu, akazunguka kaunta akaja kusimama mbele yake.

"Mama, hakuna ngano kabisa? Kabisa kabisa?"

"Hakuna. Ni wimbi na muhogo."

"Na mayai? Sisi hatukuli mayai."

"Sitii mayai. Ni chia tu."

Anjali akamweleza kuhusu bintiye, Ishita. Mwaka mmoja uliopita mtoto alipimwa akakutwa na ugonjwa wa tumbo usiovumilia ngano hata chembe. Akila kidogo tu, utumbo unavimba, anatapika, analala siku mbili. Tangu siku hiyo alikuwa hajakula keki. Akienda kwenye sherehe za wenzake alibeba ndizi yake kwenye kikopo, akaketi nayo pembeni. Jumapili ya wiki ile angetimiza miaka kumi, na mama yake alitaka, kwa mara ya kwanza, mtoto apulize mshumaa juu ya kitu anachoweza kukila. Aliuliza habari ya ngano mara ya pili, akauliza mara ya tatu. Mara zote tatu Munyiva aliapa.

Jumanne akapeleka sita za kuonja. Ishita mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, msichana mwembamba mwenye miwani na misuko miwili ya nywele, akaichukua moja kwa vidole viwili. Alipouma, alifumba macho. Munyiva amewaona watu wengi wakila keki zake, wakiwemo wanafiki, lakini hakuwahi kumwona mtu aliyefumba macho vile. Alishuka zile ngazi akiimba wimbo wa kanisani.

Alhamisi Anjali akapiga simu, sauti yake imechoka.

"Ishita amekuwa mgonjwa tangu jana. Ametapika usiku mzima."

Munyiva akakaa chini.

"Hapana, hapana, si keki yako," Anjali akasema haraka. "Ni yeye. Anakula vitu huko shule halafu ananidanganya. Mwaka mzima ni hivyo. Daktari anapima damu, anasema huyu mtoto bado anapata ngano mahali. Namuuliza, analia, anasema hajakula. Sasa nimechoka, Mama. Nimemwambia party hakuna. Mtoto mwongo hafanyiwi party."

Munyiva akasema pole, maana hakujua aseme nini kingine. Kisha Anjali akamwambia habari njema, na iliposemwa Munyiva alifurahi, ndiyo, tusimsingizie utakatifu: wanawake wenzake wa hekaluni walionja zile zilizobaki wakazipenda, na alitaka keki dazeni mbili kila Jumatatu za kuweka kwenye kaunta ya duka. Mwokaji wa jikoni kwake hapati bahati kama hiyo mara mbili.

Ijumaa asubuhi, basi, akabeba wimbi lake mpaka kwa Njuguna. Akachungulia mifuko kama kawaida. Akawapisha wawili wa mahindi. Aliyekuja nyuma yao alikuwa Ivyne, mama kijana aliyepanga huko Kawangware, mtoto mgongoni, ndoo ya nafaka mkononi.

"Uji wa huyu bwana mkubwa?" Munyiva akamtania, akijitengenezea nafasi nyuma yake.

"Wa huyu, aunty. Anakunywa kama trekta."

Ivyne akainua ndoo akamimina. Munyiva alikuwa amesimama karibu, na siku hiyo jua lilikuwa likiingia kwenye tundu la bati. Katikati ya punje nyekundu za wimbi na punje nyeupe za mtama akaona punje ndefu, za rangi ya dhahabu, zenye mfereji katikati.

"Hizo ni nini?"

"Ngano. Nusu kilo tu. Mamangu mkwe alisema inafanya uji inakuwa laini."

Mashine ikanguruma. Munyiva akasubiri imalize, kisha akamsogelea Njuguna sikioni.

"Njuguna, hawa watu wa uji huwa wanaweka ngano?"

"Wengi tu. Ngano, soya, njugu, wengine hadi omena." Njuguna akacheka, unga ukamdondoka kwenye nyusi. "Si miaka yote hii unawafuata hao hao? Ulikuwa unadhani wanasaga nini?"

Munyiva alichukua mfuko wake, wimbi likiwa zima, akatoka mstarini. Ivyne akamwita, "Aunty, ni wewe sasa!" lakini yeye alikuwa ameshafika barabarani. Mahindi yasingemdhuru yule mtoto. Laiti angefuata mtu yeyote mwingine katika mstari ule, mjinga yeyote asiyejua kuchagua, pengine Ishita asingeugua. Ni ule ujanja wake, ule aliojivunia miaka minne, ndio uliompeleka moja kwa moja kwenye ngano.

Nyumbani alimweleza Makau. Makau alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo mume anayempenda mkewe hulisema.

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Ndambuki. Tafuta mahali pengine pa kusaga. Au nunua mashine ndogo. Jumatatu upeleke keki safi, na zitakuwa safi. Mwenyewe ameshasema si keki yako. Nani atajua?"

"Mtoto anajua," Munyiva akasema. "Anajua sasa hivi, hapo alipolala, kwamba hakula kitu."

Makau akavua miwani. Nje jirani alikuwa akipiga zulia kulitoa vumbi. Munyiva alikuwa akiogopa, na aliogopa vitu vya kawaida kabisa: kufokewa na mtu aliyemheshimu, kupoteza ile kaunta, jina lake kupita kutoka duka hadi duka huko Ngara kwamba yule mama wa Woodley analisha watoto sumu. Aliwaza pia kwamba akinyamaza hakuna hata mmoja wa hayo yatakayotokea. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Bora lawama kuliko fedheha," Makau akasema mwishowe, akapangusa miwani yake. "Basi nenda kesho asubuhi na mapema, kabla hujapata sababu ya kukaa."

Jumamosi saa tatu alikuwa akigonga mlango orofa ya tatu. Ramesh alikuwa chini dukani. Anjali akamfungulia kwa kiwiko, mikono imejaa unga uliokandwa, akamkaribisha jikoni akidhani amekuja kupanga mambo ya Jumatatu. Munyiva hakukaa. Alijua akikaa atapewa chai, na akipewa chai atashindwa.

"Mama Ishita, mtoto hakukudanganya. Ngano ilikuwa kwenye keki yangu."

Akasema yote kwa mfululizo: kinu, foleni, watu wa uji, punje alizoziona. Uso wa Anjali ulibadilika hatua kwa hatua.

"Nilikuuliza mara tatu," akasema, na sauti ikapanda. "Tatu, Mama! Ukaapa! Mtoto wangu ametapika mpaka damu ya pua inatoka, na wewe uliniambia hakuna ngano!"

"Uliniuliza, na niliapa. Sikuitia kwa mkono wangu, lakini imeingia, na ni mimi niliyeileta. Jiwe la kinu linabaki na unga wa yule aliyetangulia. Ni vumbi tu. Mimi sikufikiria vumbi."

"Vumbi ndiyo mbaya! Daktari alituambia, hata vumbi, hata..."

Hapo akakatika. Munyiva alisubiri yaliyobaki, maana aliona anayastahili. Hayakuja. Anjali alikuwa hamtazami yeye tena. Alikuwa akitazama pembeni ya friji, kwenye kabati jeupe la kimo cha kiuno, lililofunikwa kitambaa cha kudarizi.

"Jiwe," akasema polepole.

"Ni nini hiyo?" Munyiva akauliza.

"Ghanti," Anjali akasema. "Mashine ya kusaga, ya nyumbani. Ya mama mkwe wangu, alituachia. Kila Jumapili nasaga. Ya chapati zetu. Halafu bajra, mawele, ya mkate wa Ishita."

Munyiva alijua swali linalofuata, kwa sababu maisha yake yote ya foleni yalikuwa yamemfundisha swali hilo hilo moja, na alitamani asiliulize.

"Unatanguliza gani?"

"Ngano," Anjali akasema. "Halafu bajra. Naifuta na kitambaa, Mama. Kila wiki naifuta."

"Nje?"

"Nje."

Wakasimama hivyo, wanawake wawili waliojua unga kuliko vitu vingi duniani. Anjali alikuwa amemnunulia mtoto sufuria yake, kikaango chake, hata kijiko chake chenye utepe mwekundu ili kisichanganywe na vya wengine. Na kila wiki, kwa mkono wake mwenyewe, kwa upendo, alikuwa akimsagia ugonjwa. Alivuta kiti kwa mguu akakaa. Hakulia. Aliita kwa sauti, kuelekea chumbani.

Ishita akaja amevaa soksi na sweta, uso umepauka kwa siku tatu za tumbo tupu. Aliposimama mlangoni alimtazama mama yake kwanza, kwa ile tahadhari ya mtoto anayejiuliza leo amekosa nini. Munyiva aliona mtazamo ule, na moyo ukamuuma.

Anjali alianza kwa Kigujarati, kisha akaacha, akarudia kwa Kiswahili ili na Munyiva awe shahidi.

"Ishita, mimi nilikosea. Ngano ilikuwa kwa ile ghanti. Ni mimi nilikuwa nakupa. Hukula kitu shuleni. Hukudanganya."

Mtoto hakuruka kwa furaha. Alisimama akifikiri. Kisha akainua mkono wa kulia, vidole vitano vimenyooka, akakunja kimoja.

"Ile ya February? Ulisema nimekula biskuti ya Debra."

"Hukula."

Akakunja cha pili. "Ile ya wedding ya Ishan uncle."

"Hukula."

"Ile siku ulimwaga bag yangu mbele ya watu wa school van, ukitafuta makaratasi ya sweets."

Anjali akafumba macho. "Hukuwa umekula kitu. Nilikosea."

"Ile ulimwambia Daddy mimi ni mwongo. Mlidhani nimelala."

"Wewe si mwongo," mama yake akasema. "Nitamwambia Daddy leo, ukiwa hapo. Na party yako ipo."

Kikabaki kidole kimoja. Ishita akamgeukia Munyiva.

"Na hii ya Wednesday, aunty?"

"Hiyo ni yangu, mwanangu," Munyiva akasema. "Ilikuwa ndani ya keki yangu, na sikujua. Nisamehe. Wewe uliisema kweli."

Ishita akakunja kidole cha mwisho. Akaitazama ile ngumi, hakuna kilichobaki cha kuhesabu, na ndipo alipoanza kulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto mdogo kuliko miaka yake.

Anjali aliruka kutoka kitini kumkumbatia, mikono mbele, na katikati ya hatua akaiona mikono yenyewe, imegandwa na unga wa ngano wa chapati hadi kwenye vifundo. Akasimama. Akageuka akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akasugua kwa sabuni hadi viwikoni, akasuuza, akasugua tena upya, huku mtoto akilia nyuma yake na yeye mwenyewe machozi yakimdondokea kwenye sinki, asithubutu kuyafuta. Munyiva akampa taulo. Anjali akajifuta kila kidole, akapiga magoti juu ya vigae, ndipo akamshika mtoto wake.